Ukuta Uliokohoa

Kama mhuri wako umeuacha kwa mtu, nenda kauchukue leo. Haya maneno yatakungoja. Wangu ulikaa miaka kumi na tisa kwenye kopo la biskuti, ndani ya droo ya mwenyekiti wa kijiji chetu, pamoja na mihuri ya watu wengine themanini na kitu, na kila mwaka mpya nilimpelekea chupa ya mchuzi wangu wa soya kumshukuru kwa kunitunzia.

Ndivyo tulivyofanya wote. Mhuri ni kijiti chenye jina lako chini, hakizidi kidole. Karatasi za mbolea ya ruzuku zinautaka, za pensheni zinautaka, hata za mchele wa sikukuu, na nani atatoka shambani kila karatasi inapokuja? Mwenyekiti anapiga kwa niaba yetu. Mwenye mhuri wako ndiye wewe. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua kuwa moto unaunguza, na bado niliuacha.

Mimi ni Pyo Mal-sun wa Gamdong, pwani ya magharibi ya mkoa wa Jeolla, ingawa hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni mama In-taek. Kazi yangu ni soya ya kuchachusha. Nina mitungi tisini uani, na kutoka uani unaiona mitambo sita ya nyuklia imepangana ufukweni, mikubwa, misafi, kama mitungi ya mama mkwe mwenye roho ya korosho: unaruhusiwa kuisifu, kufunua huruhusiwi.

Kila mwaka baridi ikiisha mimi hupita mtungi hadi mtungi nikigonga kwa mpini wa mwiko. Baridi hupasua udongo kwa ndani, jicho lisione. Mtungi mzima ukiugonga unaimba. Uliopasuka unakohoa. Hakuna shule ya jambo hilo. Mama yangu aliniwekea mpini mkononi nikiwa na miaka saba akaniambia sikiliza, basi.

Sasa, kwetu kuna kamati ya wananchi ya kusimamia usalama wa mitambo. Ni wakazi saba. Mtambo ukisimamishwa kwa matengenezo, kamati inaingia, inaangalia, inauliza, kisha inatoa karatasi yenye mihuri saba kwamba imeridhika. Karatasi hiyo isipotoka, wakaguzi wa serikali hawauruhusu mtambo kurudi kazini. Nilipochaguliwa nilijivuna. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, nikasema moyoni, kumbe na mimi naonekana mtu. Baadaye nilikuja kujua nilivyochaguliwa. Mwenyekiti wetu, mzee Pyeon, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa kamati, alimwambia mtu wa mtambo kwenye simu, mbele ya mke wake, na mke wake hana breki mdomoni: "Tumweke mama In-taek. Hasomi sana, na mwanawe yuko ndani."

Mwanangu In-taek alikuwa ndani ya mtambo kweli. Alikuwa kibarua wa mkandarasi mdogo, kazi yake kufunga majukwaa ya mabomba ili mafundi wapande. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Mtoto akiwa ndani, mama ana kamba shingoni, na wao walijua nani ameshika upande wa pili.

Machi ile walisimamisha mtambo namba nne, na kamati ikaingia. Tulivishwa nguo nyeupe, soksi mbili mbili, glavu mbili mbili, kofia. Walitunyang'anya hereni, kalamu, hata vibanio vya nywele. Kila chombo ndani ya jengo lile kimefungwa kamba kwenye mkanda wa mwenye nacho, bisibisi na spana na tochi, kwa sababu kitu kidogo kikidondoka kwenye mashine ni balaa. Niliyaona yale nikafurahi. Nikasema hawa watu ni waangalifu kuliko mimi jikoni kwangu.

Aliyetuongoza ni bwana Tak, afisa mahusiano wao, mwenye meno mazuri, akitembea kinyumenyume kama mwenye watalii.

"Wazazi wangu, huu ndio moyo wa usalama wetu," alisema, akaonyesha ukuta. "Zege la zaidi ya mita moja. Kwa ndani limevikwa bati la chuma. Hata ndege ikija kuugonga, haupiti."

"Ndege itagonga kwa nje," nikasema. "Mimi nauliza cha ndani kikitaka kutoka."

"Hakitoki, mama."

"Kinazuiwa na nini?"

"Na huu ukuta."

"Haya, tuukague."

"Si ndio tunaukagua, mama. Huu hapa."

"Huku ni kuutazama," nikasema. "Hata ng'ombe anatazama."

Mzee Pyeon akanigeukia. "Mama In-taek, mwache mwenyeji aseme."

"Mwenyeji ni nani? Mimi nilikuwa hapa kabla ya yeye kuota hayo meno."

Wawili watatu wakacheka chinichini. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeanza kutafuta bomba kubwa la upande wa bahari.

Hapa lazima niseme kitu ambacho nilikificha miaka thelathini na moja.

Marehemu mume wangu, Ma Deok-su, alijenga namba nne. Alikuwa mtu wa vaibreta, ule mpira mrefu unaotetemeka, unaochomekwa kwenye zege bichi lishuke na kujaza kila kona. Mwaka ule In-taek alikuwa anatambaa. Siku ya kumwaga kipande kile cha ukuta kulikuwa na sherehe, kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa anakuja kutoka Seoul na kibao cha getini kilikuwa kinahesabu siku. Waliweka meza, wakaweka kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, wakakiinamia wakiomba kazi iende salama. Sisi wake wa vijijini tukaitwa tulete pombe ya mchele kwenye mabirika ya bati, na mabakuli yake. Mwanamke huwa hapandi jukwaani siku ya zege, wanasema ni mkosi. Siku ile msimamizi alisema, "Pandeni tu, mkosi umeshakula nguruwe." Tukapandishwa kwa lifti ya mizigo na mabirika yetu.

Pampu ilikuwa inamwaga. Msimamizi akawaita watu wa vaibreta, "Njooni mnywe, zege lina miguu ya kukimbilia wapi?" Wakaja kumi na wawili. Pampu haikusimama. Mimi mwenyewe nilimmiminia mume wangu bakuli la kwanza, nikammiminia la pili, na alipogeuka kutazama nyuma nikamvuta mkono nikamwambia kunywa, usiwe mwoga wa bosi. Tulicheka sana. Walivyorudi, zege lilikuwa limepita mahali pao, pale chini ya bomba kubwa ambapo vyuma vimesongamana hata mkono haupiti. Msimamizi akasema endeleeni juu. Nilirudi nyumbani na mabakuli pungufu mawili, nikamsingizia mama wa jirani kwamba ameniibia.

Mume wangu akinywa, miaka yote, alikuwa akisema, "Chini ya bomba kubwa, upande wa bahari. Pale hatukupita." Nami nilimjibu, "Nyamaza, watu watasikia." Alikufa kwa mapafu, na mimi nikiendelea kumnyamazisha.

Basi nilipokiona kile kiungo cha bomba kubwa na ukuta, mguu wangu ulikwenda wenyewe. In-taek alikuwa pale pale, kwenye jukwaa la chini, na kikundi chake. Kazini hatujuani. Alikuwa anatazama chini kama mtu aliyepoteza kifungo.

"Lete spana," nikamwambia.

"Mama, usinifanyie hivi."

"Lete."

"Imefungwa kamba."

"Basi njoo nayo."

Nikaishika ile spana, na mwanangu, mwanaume wa miaka thelathini na mbili, akanifuata ubavu ubavu ukutani akivutwa kiunoni kama mbuzi wa mnadani. Nikagonga bati. Likaimba. Nikasogea, likaimba. Nikapiga hatua nyingine tano, sita, linaimba tu, nikaanza kumshukuru Mungu na kumwomba radhi mume wangu kwa kumdhania vibaya. Tukafika chini ya bomba. Nikagonga.

Ukuta ulikohoa.

Nikagonga tena juu, ukakohoa. Kushoto, ukakohoa. Nilipanua mikono yote miwili na bado sikufika mahali unapoanza kuimba. Wenzangu wote wa kamati walisikia. Hakuna mwanamke wa Gamdong asiyeijua sauti ile, na wanaume wanaijua kwa kufokewa.

"Mama," bwana Tak akasema taratibu, "huu si mtungi."

"Najua. Mtungi wangu ukipasuka nitanuka soya wiki nzima. Huu ukipasuka, wewe utakuwa Seoul."

"Bati likiachana kidogo na zege hutoa sauti kama hiyo. Ni jambo la kawaida. Wahandisi wanalijua."

"Wamelifungua wakaona?"

"Hatuwezi kukata chuma cha usalama kwa sababu mtu amesikia sauti."

"Daktari akikugonga kifuani anasikia nini, rangi?"

Mzee Pyeon akanishika kiwiko. "Imetosha, shemeji. Watoto wanafanya kazi." Ananiita shemeji akitaka kitu.

Kwenye kikao cha baadaye bwana Tak alitugawia karatasi iliyokwisha chapwa. Mimi nasoma polepole, kidole chini ya kila neno, na wenzangu wameshazoea kunisubiri huku wakila machungwa. Kidole kilifika hapa: Wajumbe wote saba wameukagua ukuta na wameridhika.

"Mimi sikuridhika," nikasema. "Andikeni hivyo. Andikeni chini ya bomba kubwa panakohoa, pafunguliwe."

"Tutarekebisha," akasema mzee Pyeon.

"Sipigi mhuri mpaka pafunguliwe."

"Nimekusikia, mama In-taek. Nani amekulazimisha? Kula chungwa."

Nikala chungwa. Nikaenda nyumbani nimetulia. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nilitembea kando ya bahari nimetulia, nikidhani neno langu lina uzito, na mhuri wangu umelala kwenye kopo lake.

Siku kumi baadaye nilipeleka soya kwa mama Ye-sol, mwenye mkahawa wa supu karibu na geti la mtambo. Mtambo ukisimama wateja wake wanapungua, kwa hiyo wiki zile alikuwa ananisalimu kwa kidevu. Siku ile alinikumbatia.

"Asante, dada. Nilijua una huruma. Wiki ijayo wanauwasha."

"Wanawasha nini?"

"Usinitanie. Umekubali, imetoka gazetini."

Gazeti la wilaya lilikuwa limetandikwa chini ya bakuli la kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Nilisogeza bakuli. Ilikuwepo picha ya karatasi yetu, mihuri saba myekundu, na wa tano ulikuwa wangu. Nausahauje, una pengo kwenye kona tangu In-taek alipoutafuna akiota meno. Neno wameridhika lilikuwa pale pale, halijaguswa.

Mama Ye-sol aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia anipe maji. Nilikunywa, nikaenda kwa mzee Pyeon bila kuvua aproni.

Alikuwa anatazama mpira. "Karibu, shemeji."

"Nani amepiga mhuri wangu?"

"Aa, hilo." Akapunguza sauti ya televisheni, hakuzima. "Walikuwa na haraka. Wenzako sita wamekubali. Ungekuwa wewe peke yako, ingeonekanaje? Nimekuokoa aibu."

"Nilisema sipigi."

"Na hukupiga. Nimepiga mimi."

Akasema hivyo na uso mkavu. Hata hakujua amesema nini.

"Pyeon," nikamwita, bila mzee, bila mwenyekiti. "Hilo ni jina langu."

"Miaka kumi na tisa natumia jina lako, umewahi kulalamika? Mbolea ulipataje? Ile safari ya kisiwa cha Jeju ulikwendaje? Ulikuwa unajua kinachopigwa kwenye kila karatasi? Leo ndio umekuwa na jina." Kisha akaongeza polepole, "Na fikiria In-taek. Mkataba wake unaisha Juni."

Nilikwenda kwenye droo. Ilikuwa droo tu, haina hata kufuli. Nikatoa kopo, kopo la bluu lenye picha ya mwanamke wa Kizungu, nikalifungua. Majina yetu yote yalikuwa humo, yamelaliana kama samaki wa kukaushwa. Nikatafuta wangu, na nilipoupata sikuliacha kopo. Nililibana kwapani nikatoka nalo.

"Hiyo ni mali ya ofisi," akanifuata mpaka barabarani na viatu vya ndani. "Mal-sun. Mal-sun, utashtakiwa."

"Shtaki. Mhuri wa kushtakia unao?"

Nilizunguka nyumba moja moja nikirudisha mihuri. Usidhani nilipokewa kwa vigelegele. Bibi mmoja alinirudishia wake akasema, "Sasa mimi nitauweka wapi? Mrudishie mwenyekiti." Mwingine aliuliza kama mbolea itasimama. Kila mlango nilisema maneno yale yale: namba nne inakohoa chini ya bomba, karatasi inasema tumeridhika, na huu mhuri ungeweza kuwa wako. Wanaume walikuna vichwa. Wanawake waliniuliza swali moja tu. "Umesikia mwenyewe?" Nimesikia mwenyewe. "Kama mtungi?" Kama mtungi.

Wanawake thelathini na mmoja walikubali. Niliandika karatasi kwa mkono wangu, mistari miwili. Hatujaridhika. Kateni bati, tuone. Wakapiga mihuri yao wenyewe, wengine mara ya kwanza maishani, wakiipindua kwanza kutazama upande upi ni juu.

Lakini karatasi isiyosema ni wapi ni kelele tu. Ukuta ule una mabati mamia, kila moja lina namba yake, na mimi namba sikuiona, nilikuwa nasikiliza. Kurudi ndani wasingeniruhusu tena. Aliyejua namba ni mmoja.

Jumapili mchana In-taek alikuja kula. Alikaa, akachukua kijiko, hakunitazama.

"Kazini siku hizi naitwa Mtungi," akasema. "Mtungi, leta ngazi. Mtungi, mama yako hajambo?"

"Pole."

"Msimamizi ameniambia nikuulize kama unajua Kiingereza, maana umekuwa mhandisi."

"Mwambie najua kusikiliza."

"Mama, mimi nina mtoto anaanza shule. Nikikosa kazi pale, nitavua pweza? Hebu acha mara moja hii. Wakaguzi wapo. Serikali ipo. Kwa nini uwe wewe?"

Ndipo nikamweleza. Nguruwe, mabirika, lifti ya mizigo, bakuli la kwanza na la pili. Nikamweleza baba yake alivyogeuka kutazama nyuma na mimi nikamvuta mkono. Sijawahi kumwambia mtu. Nilisema huku nikimwekea samaki, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haijui ikae wapi.

Aliacha kula.

"Baba alikuwa anasema nini akilewa?"

"Pale hatukupita."

"Nilidhani anazungumzia barabara," akasema.

"Kukitokea shida mle ndani, nani anatumwa kwanza?" nikamuuliza. "Bwana Tak?"

"Wakubwa, wenye kofia nyeupe, wanabaki kwenye chumba chenye vioo. Tunaingia sisi."

"Basi usiniulize kwa nini mimi."

Alisukuma samaki kando. Kisha akavuta ile karatasi ya wanawake, akachukua kalamu yake ya zamani ya shule iliyokaa kwenye kikombe cha dirishani, akaandika chini ya mistari yangu herufi mbili na tarakimu nne. Namba ya bati.

"Watajua ni mimi," akasema. "Hakuna mwanakijiji mwingine anayefika mahali pa kuisoma."

"Najua."

"Haya. Nipe na kimchi basi."

Kesho yake nilipanda basi hadi ofisi ya wakaguzi wa serikali. Nilipokelewa na binti mdogo kuliko mwanangu, mkaguzi mwenyewe. Alisoma karatasi. Nikamwonyesha gazeti, kisha nikatoa mhuri wangu nikaupiga mbele yake kwenye karatasi tupu, alione pengo. Nikamwambia karatasi ya gazetini ina jina langu, mkono si wangu. Alinyanyuka akafunga mlango. Akaniuliza, "Mama, uligonga kwa kitu gani?" Nikamwambia kwa spana. Akaandika. Ni mtu wa kwanza katika jambo hili lote aliyeandika nilichosema kama nilivyokisema.

Kuwasha kukaahirishwa. Baada ya siku nane walikata.

Waliita kamati nzima, maana safari hii waandishi wa habari walikuwa getini. Fundi alikata kipande cha mraba, kama mto wa kukalia. Kikatolewa. Mkaguzi akamulika tochi yake, tochi yenye kamba, akaingiza rula, rula ikaisha. Akaingiza mkono, ukazama mpaka begani. Aliutoa akabaki ameutazama. Ukuta wa zaidi ya mita moja, na pale zege lilikuwa limebaki chini ya nusu. Ukuta ambao bwana Tak alisema ndege haipiti. Miaka thelathini na moja tumelala karibu nao, tumezaa, tumeanika soya.

Akaingiza koleo refu akavuta kipande cha ubao wa kiunzi, kimekauka kama mfupa. Akavuta kitu kingine, kikalia kwenye chuma. Bakuli la bati, limebonyea upande mmoja.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Takataka za ujenzi," akasema bwana Tak. Meno hayakuonekana.

"Ni bakuli la pombe," nikasema.

Siwezi kuapa kwamba ni langu. Mabakuli ya bati yote yanafanana. Nilirudi na pungufu mawili, na lile la pili sijui liko wapi.

Baada ya hapo wakubwa watatu wa mtambo walikuja kwenye ukumbi wa wilaya wakainama mbele yetu mpaka kiunoni, kamera zikapiga. Bwana Tak akahamishwa, nasikia amepanda cheo. Mzee Pyeon bado ni mwenyekiti. Anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyesisitiza bati likatwe, na wapo wanaomwamini, na bibi yule niliyemrudishia mhuri ameshaurudisha kwenye kopo. Kopo jipya. Mama Ye-sol haninunui soya tena. Na Juni, In-taek alipata ujumbe wa simu, maneno kumi na moja, kwamba kazi zimepungua. Hawakumpa hata heshima ya karatasi.

Watu wananiambia nishukuru, shimo limezibwa. Mimi nina hasira. Nina hasira na msimamizi aliyesema zege halina miguu, na waliopokea kazi ile wakaisaini bila kuigonga, na wakaguzi wa miaka thelathini waliopita na tochi wakitazama rangi. Nina hasira na mkono wangu ulioshika birika, na zaidi na mdomo wangu uliosema nyamaza. Wewe unayesoma, kama kwenu wanapanga kujenga kitu kama hiki, nenda siku ya zege. Usiende na pombe. Simama hapo pampu inapomwaga, hesabu watu wa vaibreta, na mmoja akiondoka, piga kelele mpaka pampu isimame. Wakikwambia hujasoma, waambie hata zege halijasoma.

Mwaka huu baridi ilipoisha In-taek alinisaidia kugonga mitungi. Spana yake anayo, aliondoka nayo na kamba yake, lakini nilimpa mpini wa mwiko, spana itavunja udongo. Alikuwa ameshajua kusikiliza. Alipofika safu ya tatu akasimama.

"Mama, siku ile uligonga hatua ngapi?"

"Kama kumi."

"Kwenda juu?"

"Mwisho wa mkono wangu."

Akageuka kuitazama mitambo. "Ukuta unapanda kama ghorofa ishirini," akasema. "Na ipo sita."

"Najua."

Akaendelea na mtungi uliofuata, akagonga, akainamisha sikio.

Nimeomba kuingia namba tatu. Wamejibu kuna fomu, na fomu inataka mhuri. Nimeupiga mwenyewe, mezani kwangu, nikapuliza wino ukakauka. Siku hizi mhuri naufunga kamba shingoni, kama vyombo vyao. Wamesema watanijulisha. Nimewapa mpaka soya ya mwaka huu iive. Baada ya hapo nitakwenda kukaa getini kwao, na spana ya mwanangu nitakuwa nayo.